Msumari Mtupu na Kiti cha Kushoto

Mpendwa mshauri, nakuandikia miguu ikiwa chini lakini akili bado iko huko juu, na ombi langu ni unisaidie kutua, kwa sababu nimewaahidi watu wawili mambo mawili yasiyoweza kukaa chumba kimoja, na wote wawili niliwaahidi kabla sijajua kwamba naahidi.

Mimi ni rubani msaidizi katika kampuni ndogo ya ndege, ni mwanamke, sijaolewa, naishi na mama yetu pamoja na dada yangu mkubwa ambaye ni mwalimu wa sekondari. Ndege yetu si ile kubwa unayoiona kwenye matangazo, ni ya mapangaboi, tunapeleka watu kwenye miji midogo na kuwarudisha, watu wenye watoto mapajani na keki za harusi ambazo hawataki ziwekwe chini. Mbele kuna viti viwili, cha kushoto ni cha kapteni na cha kulia ni changu, na nimekikalia kile cha kulia muda mrefu mpaka nahisi kimeshika umbo langu, na kila siku nikiwa pale nakitazama kile cha kushoto kwa pembe ya jicho namna mtu anavyotazama sahani ya mwenzake.

Sasa nikuambie asubuhi zetu zilivyo, maana usipozijua hutanielewa. Tunaondoka jua likiwa bado linajinyoosha, tunapita kwenye ukungu ambao ndani yake huoni hata ncha ya bawa, halafu ghafla tunatoka juu na kila kitu kinakuwa kimya, ingawa injini zinanguruma vilevile, na mawingu yametandazwa chini yetu kama shuka jeupe ambalo mtu amelianika akalisahau. Na kivuli cha ndege yetu kinakimbia juu ya hilo shuka, kidogo kama nzi, na kukizunguka kuna kipete cha rangi, nyekundu na njano na kijani, mfano wa upinde wa mvua uliofungwa duara, kinatufuata popote tuendapo, na huonekana ule upande ambao jua halipo. Mimi nikikiona kile kipete huwa nasahau kwamba nina mwili. Kapteni ninayeruka naye, ambaye wote tunamwita Taratibu kwa sababu hutua bila abiria kujua kwamba wametua, hunigusa kiwiko na kusema, "Rudi ndani, binti, tunakuhitaji," na mimi narudi, namsomea kimo na mwendo, na moyo wangu unabaki nje kidogo.

Lakini naona nazunguka, ngoja nije kwenye tatizo lenyewe.

Kazi yetu ina tabia moja ambayo imenitia matatani. Mwongozaji wa ndege akiwa mnarani akitupa agizo kwa redio, hatumjibu "sawa" tu, tunalirudia agizo lote neno kwa neno ili ahakikishe tumesikia alichosema. Akisema tushuke hadi kimo fulani, tunasema tunashuka hadi kimo hicho, akisema tugeuke kulia, tunasema tunageuka kulia. Hiyo tabia imenikaa mpaka nyumbani. Dada akisema, "Kaanue nguo, mvua inakuja," nasema, "Naanua nguo, mvua inakuja," ndiyo maana ananiita Kasuku. Siku moja kwenye duka la dawa muuzaji aliniambia ninywe asubuhi na jioni baada ya kula, nikamrudishia yote mpaka na "baada ya kula", akadhani namkejeli, akaninunia. Tulikuwa tunacheka, mshauri. Sasa hivi mimi sicheki.

Sebuleni kwetu kuna ukuta wa picha. Dada yupo pale na joho lake la mahafali, kaka yetu wa pili yupo na lake, anayemfuata pia yupo, kofia imemkalia upande, na mwisho wa mstari upo msumari. Mama aliupigilia siku niliyomaliza shule, akijua nitafuata njia ya wenzangu, lakini mimi nikaenda chuo cha urubani, na chuo cha urubani hakina joho, kina leseni, na leseni haitundikwi ukutani. Mama alitundika kalenda kwenye ule msumari na maisha yakaendelea, na nilipoanza kazi alipiga pasi shati langu la kwanza lenye mistari mabegani mwenyewe, hakutaka mtu alishike.

Mwaka huu macho yake yakaanza kumsumbua, akawa anagonga kona za meza na kumwaga chai pembeni ya kikombe, dada akampeleka kliniki ya macho, wakasema ni presha ya macho na imeshakula sehemu kubwa. Kilichopotea hakirudi, ila matone yatasaidia kushikilia kilichobaki. Mama anasema sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, katikati anaona vizuri, kandokando ni giza. Aliporudi kutoka kliniki hakulia. Alikwenda ukutani, akapapasa, akaitoa kalenda, akaufuta ule msumari vumbi kwa ncha ya kanga yake. Tangu siku hiyo kila asubuhi anaufuta. Na kila ninapotoka kazini, kabla sijavua hata viatu, ananiuliza, "Macho yako yako sawa?" nami namjibu, "Macho yangu yako sawa," halafu naenda kuoga.

Jioni moja nilikuwa namtilia yale matone. Amelaza kichwa kwenye mto wa kochi, mimi nimemwinamia, chupa mkononi, pumzi nimezibana kama ninapotua upepo ukivuma kutoka ubavuni, akili yangu yote iko kwenye lile tone lianguke palepale, na yeye akasema, taratibu tu, akitazama dari, "Mwaka huu utaenda chuo kikuu, utasoma shahada." Na mimi, mshauri, mdomo wangu ukasema wenyewe, "Mwaka huu nitaenda chuo kikuu, nitasoma shahada." Tone likaanguka. Mama akafumba macho, akanishika mkono na ile chupa pamoja, akasema, "Asante, mwanangu." Machozi yakamtoka yakachanganyika na dawa, ikabidi nimtilie upya. Ningesemaje pale? Ningeanzia wapi kumwambia kwamba nilikuwa narudia tu?

Kesho yake ukoo mzima ulikuwa unajua. Dada, ambaye ni mtu wa vitendo, akanitafutia nafasi kwenye chuo anachokijua, masomo ya utawala wa biashara, ya kukaa darasani kutwa, yanaanza Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao. Utawala wa biashara wenyewe sijui hata unashikwa wapi, na sikumwambia hivyo, nilimwambia asante.

Na wiki hiyohiyo, nikiwa kazini kwenye ule ukumbi mwembamba wanakobandika ratiba za zamu, mkuu wa marubani akanipita akiwa na mwavuli wake kwapani, akasimama, akarudi nyuma, akasema, "Foleni imekufikia. Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao unaanza kozi ya ukapteni." Nami nikasema, "Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao naanza kozi ya ukapteni." Akanipa mkono. Akaondoka anapiga mluzi.

Kwetu kupanda cheo kunaenda kwa foleni ya tarehe ya kuajiriwa. Huwezi kumruka mtu na mtu hawezi kukuruka, lakini ukitoka kwenye foleni, hata kwa ruhusa, hata kwa masomo, ukirudi unaanzia mkiani nyuma ya watoto walioajiriwa juzi. Nikienda chuo, kile kiti kitapita mbele yangu na sijui kama kitarudi nikiwa bado na nguvu za kukitaka.

Nilimuuliza mkuu kama kapteni anahitaji shahada, akacheka, akasema anahitaji leseni, saa za kuruka, afya na kufaulu mtihani, basi. Lakini akaongeza kwamba nikitaka siku moja kukaa ofisini, kuwa mkuu wa mafunzo au kama yeye, hapo wakurugenzi wanauliza shahada, na kwamba ile kampuni yenye ndege kubwa, tangazo lao la ajira linasema wenye shahada watapewa kipaumbele.

Nikampelekea Taratibu swali hilohilo tukiwa juu, hewa imetulia. Akasema yeye aliwahi kuomba ukuu wa mafunzo wakampa kijana mwenye shahada, na huyo kijana si mtu mbaya, kazi anaijua, ukimuuliza kitu anakujibu vizuri. "Sikuumia," akasema. Tukapita wingu moja dogo. "Nadanganya," akasema tena, "niliumia." Hakuniambia nisome wala nisisome.

Juzi mchana nilisinzia kwenye kochi la chumba chetu cha kupumzikia, nikaota nipo darasani, darasa halina kuta, lina mawingu tu, mwalimu haonekani ila sauti yake ni ya mnarani, akaniuliza swali, nami badala ya kulijibu nikalirudia, akauliza tena, nikalirudia tena, na wanafunzi wote hawakunicheka, walinihurumia, ambayo ni mbaya zaidi. Mama alikuwa amekaa dawati la mbele kabisa, anasoma ubao kwa vidole. Nikaamka nikiwa nimelia na sikujua nalilia nini.

Nakitaka kile kiti, mshauri. Nakitaka mpaka naona aibu. Lakini mama yangu anataka kuniona na joho kabla lile bomba halijaziba, na mimi ni nani wa kumnyima kitu cha mwisho cha kuona? Je, rubani kweli anahitaji shahada ili aendelee mbele? Na kama hahitaji, namwambiaje mama? Jumatatu inakuja. Nijibu kabla haijafika.

Ni mimi,
Kasuku wa Kiti cha Kulia

*

MSHAURI ANAJIBU

Kasuku, mwanangu, barua yako nimeisoma na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa, kwa hiyo naanza kwa kukudai chai. Umeniandikia mawingu mpaka nikaangalia kama mwavuli wangu uko mlangoni. Mimi ndege napanda nimefumba macho na kushika mkono wa jirani hata kama simjui, lakini leo, nikisoma, nimefika mpaka kwenye kile kipete chako cha rangi na nimekaa pale kidogo. Asante kwa safari. Sasa tushuke.

Umeuliza kama rubani anahitaji shahada. Jibu unalo, bosi wako amekupa bure ukumbini. Kwa kukalia kiti cha kushoto, hapo kwenu, huihitaji. Kwa kukalia kiti cha ofisini, na kwa kugonga milango ya hao wenye ndege kubwa, itakusaidia, na asikudanganye mtu kwamba ni karatasi tu. Kapteni wako ameumia na amekuambia ameumia. Mtu mzima akikiri hivyo mbele yako amekupa kitu, kihifadhi.

Lakini nakuuliza, wewe unataka ofisi? Nimeipekua barua yako juu mpaka chini, nimekuta bawa, ukungu, kivuli, shuka jeupe na upepo wa ubavuni. Meza ya ofisi sijaiona. Utawala wa biashara umeutaja kama mtu anayetaja dawa ya minyoo. Hivyo kwenda kukaa kutwa darasani kwa somo usilolitaka, ili upate cheo usichokiota, na huku unaachia kiti unachokitamani mpaka aibu, huko mimi siruhusu. Dada yako amefanya kwa mapenzi, ila yeye ni mwalimu, ukimpa tatizo lolote atakutafutia darasa.

Sasa nikugombeze kidogo, utulie. Hiyo tabia ya kurudia maneno umeifanya pazia la kujifichia. Ghorofa ya chini yangu anakaa mzee mmoja mstaafu aliyekuwa mwongozaji wa ndege, nikashuka kumuuliza. Ameniambia ni kweli marubani wanarudia agizo, lakini wana majibu mengine mawili ambayo wewe hukuniandikia. Rubani akiona agizo halitekelezeki anasema "siwezi". Akiwa bado anaangalia anasema "subiri". Nikamuuliza, hamkasiriki mkiambiwa hivyo? Akasema rubani aliyemtia wasiwasi maisha yake yote ya kazi ni yule anayekubali kila kitu. Majibu hayo mawili unayo, binti, unayatumia kazini na unayaacha uwanjani pamoja na kofia. Mama kakwambia, umerudia. Bosi kakwambia, umerudia. Dada kakutafutia chuo, umesema asante. Watu watatu wanakupangia maisha na wewe umeshika redio tu.

Haya, tuje kwa mama, maana hapo ndipo niliposoma mara mbili.

Wewe umeamini mama anataka kuona joho. Mimi simjui mama yako, naweza kukosea, lakini soma tena barua yako kwa jicho langu. Miaka yote uliyokuwa unaruka, ule msumari ulishika kalenda na mama hakukusumbua. Alikupigia pasi shati na hakutaka mtu aliguse. Huyo si mama aliyeona haya kwa kazi ya mwanawe. Ameitoa kalenda lini? Siku aliyotoka kliniki ya macho. Na tangu siku hiyo anakuuliza nini kila ukiingia, kabla hujavua viatu? Hakuulizi habari za joho wala za chuo. Anakuuliza macho yako yako sawa.

Mwanangu, mama yako anaogopa. Kliniki humwambia mgonjwa wa presha ya macho kwamba ugonjwa huo unaweza kutembea kwenye damu, watoto wapimwe. Nadhani aliambiwa dada yako akiwa nje, akarudi nyumbani na neno hilo peke yake, kwa sababu katika watoto wake wote yupo mmoja ambaye macho ndiyo mkate wake. Dada yako macho yakififia atafundisha kwa mdomo. Wewe yakififia, siku hiyohiyo unashushwa kwenye ndege na hupandi tena. Ule msumari anaoufuta si wa picha. Anakutafutia mahali pa kushika siku anga likikukataa, na hawezi kukuambia hivyo, maana kulisema ni kama kukutakia. Kwa hiyo anasema shahada. Na wewe kila siku unamrudishia "macho yangu yako sawa" na kwenda kuoga. Hapo umenikasirisha, nikawa nataka kukukumbatia palepale.

Basi fanya hivi, na ufanye kabla ya Jumatatu hiyo. Leo jioni ukimaliza kumtilia matone, weka chupa chini, mikono iwe mitupu, umwambie mama kwamba ile jioni ulirudia tu, hukuahidi. Ataumia. Mwache aumie, usimtupie maneno ya kumfunika. Halafu muulize kliniki walimwambia nini kuhusu watoto wake, na unyamaze mpaka aseme. Nyote wanne mtapimwa, na wewe wa kwanza, kwa daktari wa macho hasa, si kwa kile kipimo cha kusoma herufi ukutani ambacho najua unakipita umefumba jicho moja. Daktari wenu wa marubani naye umwambie mama ana nini. Mimi si daktari, ila najua ugonjwa huu ukikamatwa mapema unashikiliwa, na wa mama yako haukukamatwa mapema. Tofauti ni hiyo tu.

Kiti cha kushoto kikalie. Foleni yenu ukiitoka nafasi yako hairudi, umesema mwenyewe, na chuo kipo mwaka huu, mwakani na mwaka utakaofuata. Nenda kwa mkuu wako, umwambie kwa maneno yako mwenyewe kwamba unakuja, maana mpaka sasa ana maneno yake tu uliyomrudishia.

Na shahada utasoma. Usishangae, sijageuka. Nyie hamruki bila kiwanja cha akiba, kile cha kwendea mvua ikifunga uwanja mnaokwenda, na mafuta yake mnayapakia kabla ya kuondoka, si mvua ikishaanza. Mzee wa ghorofa ya chini ndiye aliyeniambia, na hapo nikamwelewa mama yako kabisa. Kwa hiyo ukishamaliza kozi, ukishakizoea kiti, jiandikishe masomo ya mbali, polepole, somo moja moja siku zako za mapumziko. Ila utawala wa biashara umrudishie dada yako pamoja na shukrani. Wewe soma shahada ya hali ya hewa. Mtu anayeweza kunieleza mimi kipete cha rangi na jinsi kinavyokaa upande usio na jua, akanifanya nisahau chai, huyo ana somo lake tayari, bado tu kuliandikisha. Siku anga likikukataa utakuwa chini unawaambia wenzako mvua iko wapi. Likikukubali mpaka uzeeni, utakuwa kapteni anayejua anachokitazama, na hao wakurugenzi watakuwa hawana la kuuliza. Kwa mama, jibu lako la chuo basi ni "subiri", na ni jibu la kweli.

Kuhusu kuonekana. Unaogopa mama hatawahi kukuona na joho kabla bomba halijaziba, na inawezekana hatawahi, sikufichi. Lakini katika barua nzima hukuandika hata mara moja kwamba mama yako amepanda ndege yako. Una mama anayeona katikati tu, na juu ya mawingu yako kuna kitu kidogo, cha duara, chenye rangi, kinachokaa palepale katikati na kukufuata popote uendapo. Kinatosha kabisa kwenye macho aliyobaki nayo. Ukishapimwa, ukapata majibu, ukahitimu ukapteni, mwombee nafasi safari ya asubuhi, dirishani, upande ambao jua halipo, dada amkalie karibu amwonyeshe. Hiyo ndiyo picha ya ule msumari, akiipata kichwani mwake hata ukuta hauhitajiki.

Mkishatua, abiria wakishashuka, toka kwenye hicho kiti chako cha kushoto uende umshike mkono kwenye ngazi. Najua atakachokuuliza, na wewe unajua. Atakuuliza kama macho yako yako sawa.

Siku hiyo usirudie. Mjibu.